Kutafuta ladha ya Kivu nje ya chupa

Goma inapenda bia, ila kiwanda kikubwa cha bia haina. Primus ya Kikongo ilizoea kuvuka ziwa kutoka Bukavu, ambako kampuni ya Bralima ilifungua kiwanda mwaka 1950. Primus nyingine, yenye jina lilelile na ladha ambayo wajuzi wa baa huapa kuwa si moja na ya kwetu, hutengenezwa ng'ambo ya mpaka, Gisenyi nchini Rwanda, katika kiwanda cha Bralirwa kilichoanzishwa mwaka 1957. Kiwanda hicho kina kisa ambacho Goma ingefaa kukionea wivu. Mwaka 1963 mtambo wa Cap Rubona ulianza kuvuta methani kutoka vilindi vya Ziwa Kivu na kuipeleka kiwandani ichemshe bia. Ndiyo gesi ileile inayotunyima usingizi kila volkeno ya Nyiragongo inapotingishika: wanasayansi hukadiria kilomita za ujazo 60 hivi za methani na kama 300 za kaboni dayoksaidi zimelala chini ya maji tunayoogea. Matumizi yake ya kwanza ya maana yalikuwa kupika Primus.

Chupa zimekuwa za kubahatisha tangu mwanzo wa mwaka 2025. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Katika vurugu za siku zile bohari za bia zilikuwa miongoni mwa mali za kwanza kuporwa, na picha za watu wamejitwika makreti zikazunguka dunia nzima. Mwezi Juni Heineken, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikimiliki Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa shughuli zake za Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi waliokuwa wamebaki. Mabenki yalikuwa yamefungwa, fedha mkononi hakuna, na chupa ya sentilita 72 ikawa kitu cha kufikiria mara mbili. Watu wengi wakarudi kwenye kinywaji ambacho bibi zao hawakuwahi kukiacha.

Kinywaji hicho ni kasiksi, pombe ya ndizi. Kuna pia musururu wa mtama na mahindi, kuna lotoko, kuna kanyanga. Mgeni anayelala kwenye hoteli za kando ya ziwa anaweza kukaa Goma mwezi mzima asione hata kimoja, kwa kuwa havimo kwenye orodha ya vinywaji, wala mhudumu hatamtajia. Mwuliza kasiksi hotelini hutazamwa kama mtu aliyeulizia choo cha shimo. Nimeshangazwa na aibu hiyo kwa muda mrefu. Mfaransa wa Normandie hujivunia pombe yake ya tufaha, Calvados, iliyopewa ulinzi wa jina na serikali tangu mwaka 1942. Akimkaribisha mgeni humtolea hiyo kwanza, kabla ya bia yoyote ya kiwandani. Sisi humtolea mgeni kilichotoka mbali, kisha tukaenda kunywa cha kwetu nyuma ya nyumba.

Basi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Mahali pa kuanzia ni Kituku, kwenye mwalo wa magharibi mwa jiji, ambako mitumbwi na mashua hushusha mizigo kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Goma yenyewe imejengwa juu ya mawe ya volkeno. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ile ya 2021 ikasimama pembezoni, kwa hiyo shamba la migomba la kuutosha mji halipo. Ndizi na pombe yake huja kwa maji au kwa barabara. Barabara ya Sake kwenda Minova ilipokatwa na mapigano mwanzoni mwa 2024, mzigo wote ukahamia majini, na mashua zikajazwa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo mashua iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu ikikaribia Kituku, na waliokufa wakahesabiwa kwa makumi. Wengi wa wanaopanda mashua hizi ni wanawake wafanyabiashara. Unaponunua kikombe cha kasiksi katika mitaa ya Birere au Majengo, hiyo ndiyo njia iliyopita.

Nchi kavu nako kuna ushuru wake. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, wakapata 798. Kwenye kila kamba inayofunga njia mtu mwenye bunduki au mwenye karatasi anadai chake, na bidoni ya pombe ni kitu rahisi sana kudai, kwani hata asipopewa fedha anaweza kupimiwa kikombe. Lori la bia ya kiwandani hulipa vilevile, ila kiwanda kina mhasibu.

Idjwi ndipo kasiksi inapoonekana katika hali yake nzuri zaidi. Kisiwa hicho, kilichoko katikati ya ziwa kati ya Kongo na Rwanda, kimepona vita vingi vilivyopita kwenye nchi kavu ya pande zote mbili zinazokizunguka, na watu wake hulima nanasi, kahawa na migomba hadi ukingoni mwa maji. Migomba ni ya aina mbili kwa mtazamo wa mpishi: ya chakula na ya pombe. Ndizi za pombe zina ukakasi. Ukizila mbichi au hata mbivu, ulimi unakauka. Hakuna anayeziiba njiani.

Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado kijani. Shimo huchimbwa, hutandikwa majani makavu ya mgomba, na moto mdogo huwashwa kulipasha. Ndizi hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani mabichi, kisha udongo. Zinakaa humo siku tatu, nne au tano, kutegemea baridi ya mlima. Shimo likifunguliwa harufu inatangulia, tamu, nzito, na nyuki wa kijiji kizima wanafika kabla ya majirani. Ndizi humenywa na kutiwa kwenye mtumbwi wa mbao uliochongwa kwa gogo moja, pamoja na mafungu ya nyasi ngumu. Nyasi ndizo zinazofanya kazi: mkono au mguu ukikanda, nyasi hushika nyama ya ndizi na kuuachilia mchuzi utiririke. Bila nyasi unapata uji. Waliozoea huongeza maji kidogo kidogo, na kila tone linalotiwa ni uamuzi, kwa sababu maji mengi huongeza bidoni na kupunguza jina la mpishi.

Mchuzi ukishachujwa huwa juisi safi ambayo watoto hupewa, na kwa ladha yangu hakuna soda inayoifikia. Kitakachoifanya kasiksi ni mtama. Mtama hukaangwa hadi uwe na rangi ya kahawa, husagwa, kisha hunyunyizwa kwenye juisi. Unaleta uchungu kidogo unaokata utamu, unaleta rangi. Chombo hufunikwa na kuwekwa mahali pa joto. Siku ya kwanza kasiksi huchemka yenyewe, povu likipanda na kushuka. Siku ya pili ni ya wanaojua. Siku ya tatu ni ya wanaotaka kulewa, na ikipita hapo inageuka siki.

Mama aliyenipimia, mtu mzima mwenye maneno machache, alinizuia nilipotaka kuonja kutoka mtungi wa mwisho.

“Papa, hiyo ingali mtoto. Urudi kesho.”

“Na hii ya mbele, mama?”

“Hii ni ya leo. Kunywa polepole, usiifanye kama Primus.”

Alikuwa na haki ya kuonya. Kasiksi ya siku ya pili haina baridi ya friji wala gesi ya kukwangua koo. Inaanza na utamu wa ndizi iliyopitiliza, katikati unakuja moshi wa ule mtama uliokaangwa, na mwisho unabaki ukakasi kama wa chai iliyokolea. Miguu hujulishwa baadaye kuliko kichwa. Kiasi cha kileo hakijulikani mapema: kinategemea ndizi, maji na saa, na kinaendelea kupanda wakati wewe umekaa unazungumza. Wazee waliokuwa wamekaa chini ya parachichi walikunywa kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, ila kila mmoja alikuwa na mrija wake mfukoni. Zamani mrija ulikuwa mmoja. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, ikiwa sehemu ya mlipuko ulioua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa nchi kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020, mikono ilianza kunawishwa kila mlango na mambo mengi ya kushirikiana yakafikiriwa upya. Desturi hii ya mrija wa mfukoni naiunga mkono kabisa.

Kazi yote hii, isipokuwa kuchonga ule mtumbwi na mara nyingine kukanda, niliikuta mikononi mwa wanawake, na fedha yake ndiyo ada ya shule na dawa. Kasiksi pia hupanda ngazi siku za heshima. Kwenye mahari na arusi, kwa Bashi, kwa Bahavu, kwa jamaa zetu wa Rutshuru na Masisi wanaosema Kinyarwanda, mtungi wa pombe ya ndizi au ya mtama ni neno ambalo lazima lisemwe kabla ya mengine. Makreti ya bia huweza kuongezwa pembeni kwa fahari. Nimehudhuria arusi ambapo bia iliisha, sherehe ikaendelea. Sijaona iliyoanza mtungi ukiwa haujafika.

Musururu sitauzungumza kwa urefu. Huuzwa kwenye ndoo masokoni, hutengenezwa kwa unga wa mtama au mahindi, na asubuhi huwa mtamu na mzito, chakula hasa: wabeba mizigo na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, hunywa kikombe kikubwa wakapandisha mzigo hadi jioni. Ukiachwa ulale unakuwa pombe. Nilikunywa wa asubuhi, nikashiba.

Masisi, kwa upande wa pombe, nilitarajia zaidi. Vilima vyake vya majani vimejaa ng'ombe, na jibini lake la duara linajulikana hadi Kinshasa. Kuna jambo moja huwa linanichekesha: mwaka 1954 watawa wa Trappist walijenga huko monasteri ya Mokoto, na abasia iliyowatuma ni Scourmont ya Ubelgiji, palepale panapopikwa bia ya Chimay inayouzwa kwa bei ya dhahabu. Watawa walifukuzwa Mokoto na vita mwaka 1996. Laiti wangeacha nyuma pishi la bia, leo tungekuwa na makala nyingine. Masisi imebaki na jibini, nami nililila na kasiksi ya Idjwi. Vinapatana kuliko jibini na Primus.

Lakini Masisi ina nafasi mbaya zaidi katika historia ya pombe hii. Mwaka 2001 ndiko mnyauko wa bakteria wa migomba ulikoonekana mara ya kwanza nchini Kongo. Majani hulegea na kuwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati huku zimeoza ndani, na ukikata shina hutoka usaha wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na panga la mkulima huubeba kutoka shina hadi shina. Aina moja ya ndizi ya pombe inayopendwa sana kote katika Maziwa Makuu, ile Waganda wanayoiita kayinja, ndiyo inayoathirika upesi, kwa kuwa ua lake huwavutia wadudu. Dawa ya kunyunyizia haipo. Kinachosaidia ni kulikata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kupitisha kila panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mkulima anayekimbia vita mara mbili kwa mwaka hana muda wa kupasha panga moto. Vita hivyo vimeharibu pombe kwa njia ambayo hakuna taarifa ya habari iliyoitangaza.

Sasa kanyanga. Hapa sauti hushuka na mlango hufungwa nusu.

Kanyanga ni pombe kali inayokenekwa kutokana na ndizi iliyochacha au chochote chenye sukari. Lotoko ni ndugu yake wa mahindi na muhogo, anayejulikana kutoka hapa hadi Kinshasa. Mtambo ni pipa, moto, bomba na ndoo ya maji baridi. Mvuke hupanda, hupoa, hudondoka. Hali ya kujificha ina chanzo cha zamani. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye nje kidogo ya Paris, mataifa yenye makoloni, Ubelgiji na Ufaransa yakiwemo, yalitia saini mkataba uliopiga marufuku kukeneka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Miaka minne baadaye, mwaka 1923, Bralima iliundwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwafrika alifungiwa mtambo wake, akafunguliwa kreti.

Linganisha na vijiji vya Ufaransa wakati huohuo. Mkulima mwenye miti ya matunda alikuwa na haki ya kukeneka matunda yake. Mtambo wa shaba uliowekwa kwenye mkokoteni ulizunguka kijiji hadi kijiji wakati wa baridi, ukasimama uwanjani, na kila nyumba ikaleta mapipa yake ya tufaha, pea au plamu. Lita 10 za alkoholi tupu zilikuwa huru bila ushuru, haki iliyorithiwa kutoka kwa baba. Serikali ilipoanza kuogopa ulevi, waziri mkuu Pierre Mendès France, yuleyule aliyewagawia watoto wa shule maziwa mwaka 1954, alipambana na wakeneka hao, na mwaka 1960 haki ya kurithisha msamaha wa ushuru ikafutwa. Hata hivyo mtambo haukuingia kichakani. Uliendelea kusimama uwanjani, ukiwa na mwenye kuuendesha anayejulikana kwa jina na afisa wa ushuru anayejua lita.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua watu huku. Bibi anayekeneka ndizi zake kwa uaminifu hutoa methanoli kidogo, na anayejua kazi humwaga matone ya kwanza. Hatari kubwa huja pale mchuuzi asiyejulikana anapoongeza alkoholi ya viwandani ili bidoni moja iwe tatu. Mwilini methanoli hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho kwanza. Mtu hulala mzima, akaamka haoni. Mwaka 2010 wilayani Kabale, Uganda, safari ya saa chache kutoka hapa kupitia mpaka wa Bunagana, waragi iliyochanganywa methanoli iliua watu zaidi ya 80. Rwanda imeiweka kanyanga katika orodha ya dawa za kulevya, na anayekamatwa nayo kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière hafikirii tena kuhusu ladha. Mimi niliionja mara moja, kwa mtu ninayemfahamu. Inanukia ndizi, inachoma, na nyuma ya moto kuna kitu kizuri ambacho kama kingelazwa ndani ya pipa la mbao miaka michache pengine kingezungumza na Calvados kwa usawa. Kwa hali ilivyo leo siwezi kumshauri mtu yeyote ainunue.

Kasiksi nayo ina adui wake, na adui huyo ni maji. Visima haviwezi kuchimbwa kirahisi kwenye lava, mabomba hayafiki kila mtaa, na bidoni za manjano hujazwa ziwani. Kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa tangu Julai 1994, kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi pembezoni mwa jiji hili. Pombe ya ndizi haichemshwi baada ya kukamuliwa. Kikombe kimoja kikiingiwa na maji machafu, ndizi zote za Idjwi haziwezi kukiokoa. Hapo ndipo chupa ya kiwandani ilipopata heshima yake kwa haki: mtu alijua maji yake yamepita kwenye moto.

Na jambo hili linatengenezeka. Arusha, Tanzania, kampuni ya Banana Investments hutengeneza mvinyo wa ndizi na kuuza katika chupa zenye lebo, tena kwa bei ya mtu wa kawaida, na hakuna anayeona haya kuagiza mezani chupa yake ya Raha, moja ya mvinyo hizo. Ndizi zao hazikushuka kutoka mbinguni. Walichotuzidi ni umeme, chupa, mpimaji na barabara isiyo na kamba. Chama cha akina mama wa Idjwi au Minova wenye pipa la kuchemshia maji, kipimo cha sukari na mtu wa kuandika tarehe kwenye bidoni wangekuwa wamefika nusu ya njia.

Kwa msomaji atakayepita Goma: usiulize hotelini. Mwombe mwenyeji wako akupeleke kwa mama anayemfahamu, uliza maji yamechemshwa au la, uliza ni ya siku ya ngapi, na ukiambiwa ya pili, kaa. Chukua mrija wako mwenyewe. Kula kitu kwanza, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga zinafaa. Lipa bei uliyotajiwa bila kuomba kupunguziwa, na ukipewa kanyanga na usiyemjua, shukuru, uiache hapo hapo.